Kadi ya Virginia Karimi

Mama mkwe wangu hatupi karatasi. Hilo nililijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yangu, na nikalisema kwa sauti, kwa sababu mimi ni mtu wa Nkubu na kwetu jambo likikukera unalisema likaisha. Hapa Embu ukilisema haliishi, linakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Risiti za mbolea, programu za mazishi ya watu ambao hata kaburi lao limesahaulika, barua za shule, kadi za kliniki, vyote vimo ndani. Sebuleni kalenda zimepigiliwa moja juu ya nyingine, ya duka la pembejeo juu ya ile ya kanisa, ya kanisa juu ya ile ya mgombea aliyeshindwa zamani, na nyuma ya kila moja kuna karatasi zimechomekwa. Picha ya eksirei ya kifua chake ndiyo imeziba kioo kilichovunjika cha dirisha la jikoni. Ukiosha vyombo asubuhi unatazamana na mbavu zake.

Nilizicheka karatasi hizo, nilizitukana, na mara moja nilijaribu kuziwashia moto tukakosana wiki nzima. Kuziogopa, sikuwahi. Nilianza kuziogopa Alhamisi moja, mjini Embu, kando ya kitanda cha huyu mama mkwe katika wodi ya wanawake.

Mama ana sukari. Alijikwaa shambani, kidonda kikawa kidogo, kisha kikawa kikubwa, na kabla hatujashtuka vidole viwili vilikuwa vimebadilika rangi. Daktari Gitari aliinua shuka asubuhi hiyo, akatazama, akalishusha polepole. Ni kijana mpole, na siku hiyo upole wake haukunipendeza hata kidogo.

"Mama Karimi, huu mguu unanipa wasiwasi," aliniambia. "Hii dawa tunampa haishiki. Nataka nimbadilishie, nimpe ya jamii ya penisilini, ya sindano."

"Hawezi hiyo," nikasema. "Penisilini inamuua. Ana kadi imeandikwa."

"Ilimfanya nini? Alitoka tu vipele, ama alizimia?"

"Sijui. Nilikuwa Qatar. Nilirudi nikapata kadi tu, na wino mwekundu."

"Na kadi iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Nilizifikiria kalenda zote zile. Gitari akakuna kidevu. Akanieleza kwamba watu wengi huambiwa hawawezi dawa fulani kumbe wanaweza, na wengine kweli ukiwapa unawapoteza hapo hapo, na yeye hawezi kubahatisha na mama ya mtu. Aone kadi, ajue kilichotokea. Aione leo. Tukikosa kabla ya jioni, kesho atamwita daktari wa upasuaji tuzungumze. Neno kukata hakulitamka, nami nilishukuru.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mama, hiyo kadi uliiweka wapi?"

"Ilipotea."

"Na hiyo dawa ilikufanyia nini?"

"Nimesahau."

Mama huyu anakumbuka mpaka leo ni nani hakufika siku ya kuleta mahari yangu na kisingizio alichotoa. Leo amesahau dawa iliyotaka kumuua. Nikasema ni homa. Nilikuwa nimefungua mdomo niongeze maneno, simu ikalia. Alikuwa mume wangu, Muchangi.

"Usikasirike," akaanza.

Hivyo ndivyo watu wa nyumba ile huanza kuzungumza nami. Nilikuwa nimezoea kama watu wanavyozoea hodi.

"Shule wamenipigia," akaendelea. "Karimi ana homa, koo imefura. Niko karibu kufika Ishiara, nitampeleka kliniki. Lakini nitaulizwa ile namba ya cheti chake cha kuzaliwa, ndio bima ikubali. Cheti kiko wapi, Kathure?"

"Unaniuliza mimi? Uliza mama yako na kalenda zake," nikamjibu, nikakata simu.

Karimi ni binti yetu wa pekee. Yuko gredi ya saba, bweni, Ishiara kule chini kwenye joto, na huu ndio mwaka wake wa kwanza kulala mbali na nyumbani. Koo kufura si jambo la kutisha. Mguu ndio ulikuwa unanitisha.

"Nani mgonjwa?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Karimi. Koo tu."

"Anapelekwa na nani?"

"Na baba yake."

Akaketi. Mwanamke aliyekuwa analishwa uji kwa kijiko aliketi peke yake, akaanza kushusha mguu ule mbaya chini. "Nipe viatu. Nitampeleka mimi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka jirani wa kitanda cha pili akageuka. Mambo yake na mtoto huyu nilikuwa nayajua. Tangu niliporudi kutoka Qatar, Karimi hakuwahi kupelekwa hospitali na mtu mwingine. Akikohoa, cucu, nyanya yake, ameshafunga leso. Akiumwa na jino, cucu yuko mlangoni na mwavuli. Nikisema nitampeleka mimi, ananiambia nina kazi nyingi, nipumzike. Niliona ni wivu, kwamba ile miaka miwili ya kumlea alijisahau akadhani amemzaa. Januari, tulipoamua aende bweni, alilia hadharani na hatukusemezana mpaka Pasaka.

"Mwambie Muchangi angoje," mama akasema. "Angoje nifike."

"Mama, lala. Huna hata mguu wa kusimama."

Nikamfunika, nikatoka kutafuta bodaboda. Alikuwa bado anasema nyuma yangu, lakini sikugeuka.

Nyumbani nilianza na hasira na nikaendelea na woga. Nilitandika mkeka sebuleni nikamwaga kila kitu: gunia la chini ya kitanda, kopo la mafuta lililojaa barua, mfuko wa nailoni ulioning'inia nyuma ya mlango, kapu la kwenye dari. Nikapiga magoti. Nikajiambia nitenge marundo mawili, la cucu huku, la mtoto huku, kazi iende haraka.

Hapo ndipo nilipokumbuka watu nilioolewa kwao. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba, na hata kwetu Nkubu tunarithisha majina, silalamiki. Lakini hawa hawakuridhika na Karimi. Siku ya ubatizo mama alisisitiza mtoto achukue na la kanisani, akawa Virginia Karimi mtupu, kama cucu yake, herufi kwa herufi. Padri aliuliza mara mbili. Siku ile tuliona ni heshima kubwa, nyanya na mjukuu kuitikia pamoja mtu akiita uani.

Basi nikaokota karatasi: Virginia Karimi, maumivu ya tumbo. Nani? Virginia Karimi, dawa ya macho, mara tatu kwa siku. Ya nani? Nyingine hazikuandikwa umri, nyingine umri ulifutika kwa jasho au kwa chai. Rundo la cucu lilikuwa dogo. Rundo la mtoto lilikuwa dogo. Rundo la tatu, la nisizojua ni za nani, lilikua mpaka likaanza kuporomoka. Simu ilikuwa mkobani, nimeinyamazisha baada ya kumkatia Muchangi, na sikuikumbuka.

Jasho likanitoka ingawa siku ilikuwa ya baridi. Kila nikifumba macho niliuona mguu ule, na nikafikiria mama akirudi nyumbani bila huo mguu, akikaa kwenye kiti chake pale jikoni, mwanamke ambaye hajawahi kukaa kabla watu wote hawajala. Tunagombana, ndiyo. Lakini sikuwa tayari kumwona hivyo. Nikaanza kusema peke yangu, "Bwana, nionyeshe tu, nionyeshe tu."

Mkekani haikuwemo. Nikageukia kalenda. Niling'oa ya pembejeo, zikaanguka risiti. Niling'oa ya kanisa, ikaanguka picha ya marehemu baba mkwe. Nikaendelea kung'oa, mwaka juu ya mwaka, mpaka kalenda ya mwisho kabisa, iliyogeuka rangi ya majani ya chai. Nyuma yake kadi ilikuwa imegandishwa ukutani kwa gundi ya karatasi, pande zote nne. Nilifikiri tu kwamba mama amejua kuficha. Kwa nini mtu agandishe ukutani kadi anayopaswa kutembea nayo, swali hilo halikunijia.

Virginia Karimi. Na chini, kwa wino mwekundu, ASIPEWE PENISILINI, mistari miwili chini yake. Nililia kwa furaha nikiibandua taratibu. Nikatoa simu, nikaipiga picha nimtumie Gitari, na kabla ya kutuma nikaikuza nihakikishe inasomeka.

Pembeni, kwa kalamu ya kawaida, palikuwa na uzito wa mgonjwa. Kilo kumi na tatu.

Nilidhani aliyeandika aliruka tarakimu. Mama yetu ni mtu mnene, mguu wake mmoja tu unapita uzito huo. Kisha nikasoma tarehe. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Qatar, nilipokuwa nalea watoto wa wenyewe na kumwona wangu kwenye simu, akiwa na miaka mitatu, akiniita shangazi kwa kusahau. Nikaelewa yote kwa mara moja. Kadi haikuwa ya mama. Haikuwahi kuwa ya mama.

Na mtoto wangu alikuwa Ishiara, koo imefura, anapelekwa kudungwa sindano.

Nilimpigia Muchangi. Simu imezimwa. Nikaona amenipigia mara nyingi nikiwa napekua, sikusikia. Nikapiga tena, imezimwa. Nikapiga shuleni, wakasema ameondoka na babake kitambo. Kliniki gani? Hawakuuliza. Niliita jina la Yesu pale sebuleni mpaka kuku wakatoka mlangoni mbio.

Nikampigia Ireri, mdogo wa mume wangu. Anauza ndengu na majani ya kutafuna ya muguka soko la Ishiara.

"Usikasirike, shemeji," akaanza, "ile ndengu nitaleta Jumamosi, gari ndio ilikuwa..."

"Ireri, acha ndengu. Karimi yuko kliniki hapo Ishiara na Muchangi. Wakimdunga penisilini atakufa. Kimbia."

"Si ni cucu ndio..."

"Si cucu. Ni mtoto. Kimbia."

"Kliniki gani?"

"Sijui. Ingia zote. Usikate simu."

Hakukata. Nikasikia akimwambia mtu amwangalizie magunia, kisha nikasikia viatu. Nilisikia mbuzi, redio, mwanamke anayeita bei ya nyanya, mlango unaogongwa, sauti ya Ireri ikiuliza, sauti ikijibu hapana, kisha viatu tena. Nilikuwa nimekaa juu ya karatasi, mgongo ukutani mahali kalenda zilipokuwa. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa, hata siku ya kupanda ndege. Nilikuwa naliona koo lake likijifunga. Nilikuwa najaribu kukumbuka neno la mwisho nililomwambia siku ya kutembelea wanafunzi, na nikakumbuka nilimgombeza kwa kupoteza soksi.

Mlango wa pili. Hapana. Viatu vikapunguza mwendo, Ireri anahema, si kijana tena.

"Usisimame," nikasema, ingawa simu ilikuwa mkononi mwake na hakunisikia.

Kisha nikasikia akisema, "Wewe. Karimi. Baki hapo."

"Amedungwa?" nilipiga kelele. "Ireri, amedungwa?"

Kulikuwa na vurugu kwenye simu, mtu akiuliza kuna nini, kiti kikikwaruza sakafu. Halafu sauti iliyokauka, ndogo kuliko ninavyoijua.

"Mum?"

"Umedungwa?"

"Bado. Nimekaa tu kwa benchi. Walisema bima haikubali bila namba ya cheti, Dad ameenda saiba kuitafuta kwa kompyuta. Simu yake iliisha chaji." Akameza mate, nikasikia jinsi ilivyomuuma. "Mum, usimkasirikie, si makosa yake."

"Una karatasi ya daktari? Nisomee."

Akanisomea, kwa shida, silabi moja moja, jina refu. Lilimalizikia kwa penisilini.

"Usikubali mtu akuguse," nikamwambia. "Kaa na Ireri. Mwambie daktari wa hapo nataka kuongea naye sasa hivi."

Nilizungumza na daktari wa Ishiara, nikamtumia ile picha ya kadi. Akasema kuna dawa nyingine, na akaomba onyo la penisilini liandikwe kwa kila karatasi ya mtoto kuanzia leo. Nikapiga goti mkekani niinuke, na chini yake, katika rundo la tatu, kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Karimi. Kama Muchangi angekipata asubuhi, mtoto angekuwa amedungwa kabla sijafika nyumbani.

Nilirudi hospitali jua likiwa bado juu. Njia nzima hasira ilikuwa inapanda. Nilipanga maneno, na mimi nikipanga maneno huwa yana makali. Nilipofika kitandani niliiweka kadi juu ya shuka, mbele yake. Gitari alikuwa amesimama upande wa pili.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

Ni swali lile lile nililouliza niliporudi kutoka Qatar, sanduku likiwa bado mlangoni. Siku ile aliipokonya kadi mkononi mwangu akasema, "Yangu." Leo alilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mtoto amedungwa?" akauliza.

"Hapana."

Akafumba macho. Machozi yakatoka yakaelekea masikioni. "Ni ya mtoto," akasema. "Alikuwa na kikohozi. Wakamdunga, akafura uso, akawa mzito hapa mikononi. Hakuwa anapumua. Walimrudisha, sijui walifanya nini. Nilikuwa nimepiga magoti nje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemchukua. Na ungesema."

"Ningesema nini?"

"Unajua vile unasema, Kathure." Alinong'ona, ingawa Gitari alikuwa hapo hapo. "Nilikuogopa wewe. Nikasema nitakuwa nampeleka mwenyewe, niwe naangalia dawa. Nilikuwa naangalia kila moja. Miaka yote. Sasa mkampeleka bweni."

Gitari akainama. "Mama, na wewe? Hii dawa imewahi kukudhuru wewe?"

"Hapana. Nilidungwa nikijifungua huyu Muchangi. Sikuona kitu."

"Na leo asubuhi ulinisikia nikisema juu ya mguu. Ungeniacha niite daktari wa kukata?"

"Mguu ni wangu," mama akasema.

Gitari akaondoka kwenda kuleta dawa. Nilibaki na maneno yangu niliyoyapanga njiani. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Mtoto wangu alikuwa karibu kufa kwa sababu ya uongo wa huyu mwanamke, na haki ya kusema nilikuwa nayo, yote. Kisha nikauona mkono wake juu ya shuka. Ulikuwa umeifunika ile kadi, na macho yake yalikuwa mdomoni kwangu, yakingoja. Nikaufunga mdomo. Sikujua mdomo wangu una uzito huo.

Gitari alirudi na sindano. Alisema ataanza na kidogo, angoje, aone. Mama alinyoosha mkono bila kuutazama. Tulingoja, mimi nikihesabu pumzi zake, nikitazama shingo, midomo, kope. Hakuna kilichofura. Gitari akampa iliyobaki, akaniambia mguu tutaujua kesho kutwa, tuombe.

Tulipobaki wawili nikakaa kitandani, nikaazima kalamu kwa muuguzi, nikaandika juu ya kadi, kwa herufi kubwa: MTOTO. Kisha nikasema, kwa sauti ya chini kabisa niliyo nayo:

"Mama, kama kuna lingine unalonificha, niambie leo."

"Usikasirike," akaanza.

"Sikasiriki."

Aliangalia uso wangu, polepole, kama mtu anayeangalia mawingu kabla ya kuanika kahawa. Kisha akageukia ukuta.

"Hakuna," akasema.

Nikamfunika mguu. Nilikuwa naogopa tena, woga ule ule wa mkekani, kwa sababu sikumwamini, na kwa sababu hata mimi, ningekuwa yeye, nisingemwambia Kathure.